Mfuko wa Kushoto

Mke wangu ni trafiki. Mimi ni fundi cherehani, Mwanjelwa.
Sare yake nyeupe naifua mwenyewe
tangu dada wa kazi aliunguze ukosi
na Atuganile akashinda siku mbili hasemi na mtu.

Nyeupe haifai Mbeya. Juni ukungu unashuka Loleza,
unalala uani mpaka saa nne,
kamba ya nguo inachuruzika kama pua ya mtoto.
Ndiyo maana sijaiacha pasi ya mkaa.

Kabla sijailoweka, naisoma.
Chaki magotini: leo kapima ajali,
kachora barabara juu ya barabara.
Grisi kiwikoni: kaingia chini ya tela, mteremko wa Iwambi,
anagonga breki kwa nyundo na kusikiliza
kama daktari na mgongo wa mwenye kifua.
Vidole vitano vya tope kwenye pindo:
mwanafunzi kavushwa Mafiati, kafika ng'ambo,
kakataa kuachia.
Wino, wino, wino. Hizo ni faini na matusi yake.
Doa la Februari nililitilia chumvi, ndimu, jiki.
"Limetoka?" akauliza. Nikasema limetoka.
Hakufurahi.

Sasa Jumanne, mfuko wa kushoto,
vidole vyangu ndani ya povu vikagusa kitu:
elfu kumi, imekunjwa mara nne, ndogo kama hirizi.

Ada ya Lusajo tulikuwa tunadaiwa. Nalisema hili
ili msinidhanie mtakatifu.
Niliikausha kwa pasi. Tembo akanyooka masikio.
Nikaiweka mezani, kando ya bakuli la viazi,
na alipoiona akaacha kutafuna.

"Ilikuwa ndani ya leseni. Mvua, baridi,
foleni imefika Mbalizi. Nikamrudishia leseni.
Mkono ukaingia mfukoni wenyewe."

Nimeshona mifuko miaka kumi na tisa,
sijaona mkono ulioingia bila mwenyewe.
Nikauliza tu: "Na tela?"
"Matairi ya nyuma kipara. Mawili."

Akampigia Gwamaka, zamu ya Inyala.
Lori la bluu, turubai jeusi, shaba ya Zambia,
akamtajia na namba, herufi kwa herufi, bila kusita.
Nikajua alikuwa ameibeba kichwani mchana kutwa.
"Dada, hilo limenipita saa kumi na moja."

Kutoka pale Inyala barabara inaporomoka.
Hatukulala. Kila honi ya mbali
ilikuwa inaketi kitandani katikati yetu.

Alfajiri simu ikaita. Lori liko Makambako, zima,
dereva anakunywa chai.

Mimi nikamshukuru Mungu, kwa sauti.
Yeye alikaa na simu mapajani.
"Basi ataenda anasema
mimi ni elfu kumi."

Akavaa sare ingali na unyevu,
akachukua noti, akaenda kwa mkuu wake wa kituo.
Walichozungumza sikijui. Najua wiki sita
alikaa ndani akinakili vitabu vya ajali,
jina, umri, kabila la gari, saa,
na jioni nguo zake zilikuwa safi
kiasi cha kunitia huzuni.

Juzi wamemrudisha barabarani.
Usiku akaniletea sare na kibiringo cha uzi mweupe.
"Nizibie huu."
"Wa kushoto tu?"
Akafikiri kidogo. "Wa kulia naweka filimbi."

Nikashona kwa mkono, mishono ya kurudia,
ile ya magunia yanayosafiri.

Leo nimepita Kabwe, nimemwona.
Mkono wa kulia juu, malori yamesimama
mpaka yanapopotelea ukunguni.
Wa kushoto, kwa baridi ile,
unapapasa kitambaa,
unapapasa, unazunguka,
haupati pa kuingia.